Nyasi Iliyokuwa Nyuma ya Jiko

Nimefagia uwanja mmoja miaka arobaini na tatu, na muda wote huo nilijua nyasi za aina mbili tu: zilizoota na zilizong'olewa. Uwanja wangu ulikuwa mweupe kama sahani. Mgeni wa asubuhi alikuta mistari ya ufagio imelala upande mmoja, akaona haya hata kukanyaga. Nilijivunia hilo. Na Jumamosi moja, na miaka sabini na moja hii, nikajikuta nimepiga magoti kando ya uzio wa chuo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, nachungulia kiungo cha unyasi.

"Bibi, tuambie unaona nini," Mwalimu akasema.

"Naona nyasi."

"Zote hizi ni nyasi, Bibi."

"Basi nimepata maksi zote."

Wenzangu wakacheka. Mwalimu ni msichana mwembamba, mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza. Kila Jumamosi asubuhi anafundisha nyasi za asili kwa yeyote anayetaka kujua, bila cheti wala mtihani. Tuko watano. Anayekaa jirani na mimi ni dereva mstaafu wa lori, mtu wa maneno mengi.

"Mimi barabarani nilizipita kwa kasi," Dereva alisema. "Sasa nazirudia kwa magoti."

Siku ya kwanza Mwalimu alitupa kila mtu bua moja, akatuambia tulizungushe kati ya vidole. La kwangu lilikataa kuzunguka, lina pembe tatu. "Hiyo ni ndago," akasema. "Imevaa kama nyasi, lakini si nyasi." Nimegombana na ndago tangu nilipoolewa, kumbe hata kabila lake silijui!

Lakini sikwenda pale kwa ajili ya ndago. Nilikwenda kutafuta nyasi moja tu, niirudishe kwa mwenyewe.

Mwenyewe ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Alipofiwa na mumewe alikuja kuishi nasi katika chumba cha uani. Alikuwa mfuaji wa shuka hospitalini, na wiki nzima alinuka dawa ya kufulia, mikono imechubuka. Alikuja na sanduku la nguo na kopo lenye kichaka cha nyasi alichokichimba mlangoni kwa mama yao siku nyumba ile ilipouzwa. Akakipanda nyuma ya jiko. Majani yake ukiyasugua yalinukia vizuri ajabu. Si mchaichai, si tangawizi, lakini hayakuwa mbali nazo. Mama yao aliyaweka kati ya nguo. Wifi naye akafanya hivyo hivyo. Jumapili akifungua lile sanduku alisema, "Haya, mama kaamka."

Mimi ile nyasi iliniudhi. Ilikuwa imekaa kwenye uwanja wangu kama nywele kwenye chakula.

Basi mwaka mmoja wifi akaenda kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Wiki mbili. Huku nyuma tukapata habari kwamba wakubwa wa kazini kwa mume wangu watakuja kututembelea. Nikafagia, nikapaka chokaa, nikatazama nyuma ya jiko. Nikajisemea nyasi ni nyasi, itaota nyingine. Nikachukua jembe, nikaing'oa na mizizi yake, nikaitupa jaani. Wageni walikunywa chai sebuleni, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyefika nyuma ya jiko.

Wifi aliporudi akasimama pale pale, begi likiwa bado begani.

"Mbuzi wa jirani, wifi," nikasema. "Waliingia nimetoka."

Na ili uongo upate miguu, nikaenda ukutani nikamgombeza jirani kwa sauti. Jirani naye akanijibu kwa sauti kubwa kuliko yangu: "Mbuzi wangu wamefungwa tangu juzi! Labda uwanja wako unaliwa na ufagio!" Wifi aliyasikia yote. Kesho yake nikamwona akimsalimia jirani vizuri tu, na mimi, kwa ujinga wangu, nikashukuru kwamba mambo yamekwisha. Mwaka uliofuata akahamia kwa binti yake.

Miaka kumi na miwili imepita. Presha ya macho imemmaliza wifi, haoni tena ila mwanga wa dirisha. Mwezi mmoja kabla sijaanza masomo haya, binti yake alinipigia simu kunijulia hali, akaniambia, "Mama siku hizi ananusa nguo zake, kisha anazikunja tena. Anasema natamani niinuse ile nyasi walau mara moja kabla sijafa." Nilikata simu nikakaa chini sakafuni. Nikaamua nitaitafuta, nimpelekee, na habari za mbuzi zibaki zilipo.

Nilimweleza Mwalimu kwamba natafuta nyasi yenye harufu. Akafungua daftari.

"Kwenye viungo ilikuwa na nywele?"

"Nadhani. Nyeupe."

"Suke lilikuwa na vidole vingapi?"

"Vidole?"

"Matawi ya juu. Matatu? Kumi? Na kila punje ilikuwa na kitundu, kama imechomwa kwa sindano?"

Sikujua. Nilipita karibu na ile nyasi kila siku ya Mungu kwa miaka sita, nikaipiga ufagio, nikaimwagia maji ya vyombo, na sikumbuki hata suke lake lilikaaje. Mwalimu alinisubiri na kalamu mkononi. Nikasema nimeshindwa.

"Nipe mji, Bibi," Dereva akatania.

"Chukua wowote," nikamjibu. "Sina ninapopataka."

Hata hivyo nikaendelea kwenda. Nilijifunza kulivuta jani taratibu litokane na bua na kutazama kiulimi chake, kile kiutando chembamba pale yanapokutana. Nilijifunza kukausha nyasi kati ya magazeti, zikibanwa kwa mbao mbili. Jumamosi ya saba Mwalimu akanipa aina tatu zenye ndevu viungoni, zote za asili ya nchi hii. Akasema, "Kwa ulivyoeleza, ni moja ya hizi. Kuchagua ni kazi ya anayeikumbuka." Nikazifunga kwenye kitambaa kibichi, na Jumapili nikaenda kwa wifi.

Binti yake alinifungulia, akarudi jikoni. Wifi alikuwa ameketi kitandani, amekonda, kichwa amekiinua kama anayesikiliza redio.

"Wifi, za siku? Leo unanukia shamba."

"Leo nimekuja na kitendawili."

"Tega."

"Babu yangu ana ndevu magotini, kidevuni hana."

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani. "Nyasi! Lete hapa."

Ya kwanza akaipapasa kiungo kwa kiungo, akaisugua, akaipeleka puani. "Hapana. Hii inafanana nayo, lakini ni ya tumbo jingine." Ya pili hata hakuifikisha puani. Ya tatu akakaa nayo. Akapitisha ukucha kwenye punje, moja baada ya nyingine, akitafuta kile kitundu cha sindano. Akasugua jani, akanusa. Akanusa tena.

"Aina ndiyo hii," akasema taratibu. "Lakini siyo yangu. Hii inanukia kwa mbali, kama mtu aliyepita jana. Mama aliichagua ile tangu ujana wake. Isiyonukia anang'oa, inayonukia anaipandikiza. Miaka na miaka. Huwezi kuiokota njiani." Akaiweka mapajani. "Mizizi uliitupa wapi?"

"Mizizi gani, wifi? Si wale mbuzi..."

"Mbuzi anakula majani, wifi. Hashiki jembe."

Jikoni sufuria iligongwa. Nilitamani binti aingie na chochote, hata na ugomvi. Hakuingia.

"Jaani," nikasema. "Nyuma ya choo."

"Nilikuwa nakungoja useme. Nikajiambia, atasema leo, atasema kesho, nitakwenda niichukue mizizi nirudishie. Ile haifi upesi. Nikaona nikiuliza mwenyewe nitakuaibisha mbele ya mdogo wangu."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa amekwisha kunisamehe lile la jembe, nilisikia sautini. Lakini mikono yake ilikuwa bado imeshika ile nyasi, nami sikuweza tena.

"Ilichipua, wifi. Mvua iliponyesha ilichipua pale jaani, kijani kabisa. Wewe ulikuwa kazini. Niliogopa utaiona, ujue ni mimi. Nikaichoma moto."

Akalizungusha bua kati ya vidole. Kisha akauliza, "Ilinukia?"

"Ilinukia. Uwanja mzima. Mpaka kwa jirani."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayefikiria njia ndefu. Akaikusanya ile nyasi mapajani, akanyoosha mkono kunitafuta, akanirudishia yote.

"Hilo la moto sikulijua," akasema. "Jumapili ijayo usije, wifi. Njoo ile inayofuata."

Nikamwambia sawa. Nikatoka na kitambaa changu, binti akanisindikiza hadi barabarani akiuliza mbona sijanywa chai. Leo ni siku ya tisa. Zimebaki tano.