Mkono wa Kushoto wa Sofronia

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya Kwaresima, saa tatu asubuhi, Sofronia Buzilă alipanda kwenye kasha la mbao katika chumba cha tatu cha chuo cha sanaa cha mji wa Dorohoi, akaketi na kuweka mkono wa kushoto gotini. Kazi yake ilikuwa kuchorwa, na alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na minane.

Muhula ule utaratibu ulikuwa mpya. Wanafunzi walichora kwanza kwa mkaa kwenye karatasi, na wakikosea walisugua kwa sehemu laini ya ndani ya mkate, kama walivyofanya walimu wa walimu wao. Kisha waliupiga picha mchoro na kuumalizia kwenye kishikwambi. Mwalimu Horia alisema kwamba hatimaye mkaa na mashine vimefunga ndoa, akapiga makofi peke yake.

Ilinca Dămoc, wa mwaka wa pili, hakupenda kuchora mikono. Ule wa kushoto ulimtoka kama kijiko. Alipofika kwenye kishikwambi aliuzungushia mstari, akaufuta, akahifadhi. Sofronia alipoteremka kunywa chai, mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo. Hapakuwa na damu, na ngozi ilikuwa imejifunga vizuri.

"Nani kafuta?" aliuliza.

"Mimi, Mama Sofronia."

"Basi urudishe, mwanangu. Jumamosi nasuka mkate wa Pasaka, na ule hausukwi kwa mkono mmoja. Sijawahi kukosa hata mwaka mmoja, na sianzi leo."

Mwalimu Horia alitafuta fomu ya kuripoti uharibifu. Ilikuwa na sehemu ya kishikwambi kilichovunjika. Ya mtu haikuwepo. Hata hivyo aliijaza, mpaka alipofika kwenye jina la ukoo, akakuna kichwa. Katika daftari la chuo Sofronia aliandikwa "Mwanamke wa kuketi", kati ya stuli na fuvu la plasta.

Jumanne Ilinca alichukua mkono uliokuwa tayari ndani ya programu, akaupachika. Sofronia akapata mkono laini wa msichana, kucha za waridi. Alijaribu kumenya kiazi nao.

"Huu haujawahi kushika kisu," alisema. "Utoe."

Jumatano Ilinca alishuka stoo, akapekua michoro ya miaka ishirini na minane. Ilikuwa zaidi ya mia nane, yote imeandikwa "Mwanamke ameketi". Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya kitambaa, au gizani, au nyuma ya tofaa. Hakuna aliyewahi kuuchora. Alipanda ngazi kwa aibu, akamweleza.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi pale," alisema Sofronia. "Sasa kaa, nikuambie mkono wangu ulivyo."

Akamwambia. Kidole cha mwisho kilipinda akiwa na miaka kumi na miwili, kwa kamba ya ng'ombe. Chini ya gumba kulikuwa na kovu la kuunguzwa na jemu ya plamu. Pete aliivua kidole kilipovimba, lakini alama yake ilibaki. Ilinca alichora kwa mkaa.

"Gumba la nani hilo? La padri?" aliuliza Sofronia.

Ilinca akasugua kwa mkate, akaanza upya. Mkate haufuti kabisa, hubakiza kivuli. Alisugua mara kumi na tatu, akamaliza mkate mzima, vidole vikawa vyeusi, na hakunyanyuka. Alhamisi adhuhuri Sofronia aliutazama mchoro wa kumi na nne kwa muda mrefu. Machozi yalimtoka.

"Ndio wenyewe," alisema.

Mchoro ulipopigwa picha, mkono ukarudi. Ulirudi na vivuli vyake kumi na vitatu, vya kijivu, vikiufuata nyuma kidogo kila ulipokwenda. Mwalimu Horia alishauri visafishwe kwenye kishikwambi. Ilinca akakitia kishikwambi mkobani, akaukalia mkoba.

Jumamosi Sofronia alisuka mikate mitatu. Ilitoka na weusi kidogo kwenye maganda, na wajukuu waliila yote.

Baada ya Pasaka mchoro ulitundikwa karibu na mlango. Kibandiko kilisomeka: "Mwanamke ameketi. Mkaa na kishikwambi. I. Dămoc." Ilinca akakata maneno mawili ya kwanza, akaandika "Sofronia Buzilă". Kesho yake ofisi ilikuwa imechapa kibandiko kipya, kama kile cha mwanzo. Akakikata tena. Kesho yake kikawa kipya tena, na ndivyo ilivyoendelea mpaka mwisho wa muhula, kila upande ukifanya kazi yake.

Jumatatu moja ya muhula huo, saa tatu asubuhi, Sofronia alipita mbele ya kibandiko bila kusimama, akapanda kwenye kasha.

"Leo tunachora uso," alisema Mwalimu Horia, na vishikwambi kumi na viwili vikawashwa.

Sofronia aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine.

"Mkate mmeleta?" aliuliza.

Ilinca akainua mikate miwili mizima. Ndipo Sofronia akaketi.