Mdhamini Wako Nani

Nje ya msimu, Heron Cove, kambi ya mapumziko ya wanajeshi na familia zao, haina makuu. Bwawa la kuogelea limefunikwa turubai, duka la aiskrimu lina kufuli, na upepo wa Ghuba unawapenya hadi mifupani watu wanaojifanya wamekuja kustarehe. Lakini kijumba cha mstari wa mbele ufukweni, ambacho Julai hata makanali hukigombania, Januari anapewa sajenti, tena kwa bei ambayo hata moteli za barabarani hazitoi. Ndiyo sababu Corliss na mumewe Tyree Pettway walianza kuja hapa wakiwa vijana wasio na mbele wala nyuma, na Corliss hakuacha kuja hata baada ya gari la Tyree kupinduka huko Afghanistan na Tyree kurudishwa nyumbani kuzikwa.

Mwaka huu hakuja peke yake. Kwenye usukani alikaa Hollis Grady, dereva wa lori la gesi wa kwao Alabama, pande la mtu lenye cheko la kujaza chumba. Mwezi wa Novemba Hollis alimwambia anataka kumuoa, na Corliss akasema atamjibu Heron Cove. Hollis hakuuliza kwa nini lazima iwe huko. Alinunua koti zito, akabadilisha oili ya gari, akangoja.

Getini mashine ya kusoma kadi za jeshi ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, na Januari nani atahangaika kuitengeneza. Kwa hiyo mlinzi, mwanamke mgeni wa kazi aliyejizika ndani ya koti la bluu, alikagua kadi kwa macho na kuuliza kwa mdomo.

"Mdhamini wako nani, mama?"

"Sajenti Tyree Lamont Pettway," alisema Corliss, na kifua chake kikapata joto.

Jeshi lina maneno yake, na hilo ni mojawapo. Mke wa askari haingii kwa jina lake. Anaingia kwa jina la mdhamini, na mdhamini ni mumewe, hai au maiti. Mapokezini ni hivyo hivyo. Bi Euline, ambaye amekaa nyuma ya kaunta ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliuliza jina na cheo kama anavyotakiwa, ingawa alivijua vyote, kisha akatoza bei ya sajenti. Wenzake Tyree wa kikosini walishapanda vyeo hadi wakastaafu na vitambi vyao. Tyree peke yake amebaki sajenti mwenye umri wa miaka thelathini, na mkewe bado analala kwa bei yake.

"Na huyu baba je?" aliuliza Bi Euline, akimpima Hollis juu hadi chini.

"Mimi mgeni wake," alisema Hollis. "Mtu mzima mzima nimeingia kwa mgongo wa mwanamke. Jeshi langu mimi ni kubeba viti kanisani."

Bi Euline alicheka, akampa ufunguo Corliss, siyo Hollis.

Kilichokuwa kikimla Corliss ni hiki. Akiolewa, kadi inarudi jeshini. Hela za ujane nazo zinakatika, lakini hizo alishazisamehe. Ana mshahara wake wa ualimu, na bintiye yuko karibu kumaliza chuo. Alichoshindwa kukisamehe ni lile swali. Huko nyumbani hakuna amtajaye Tyree. Ndugu wanaogopa kumliza, walimu wenzake hawakumjua, na binti alikuwa mdogo mno kukumbuka chochote zaidi ya mabega aliyopandishwa. Hata sauti ya Tyree ilikuwa inamponyoka. Alichobaki nacho ni namna Tyree alivyojibu kwenye kaunta ile, akiwa amemshika kiuno: "Sajenti Pettway, Tyree, na mke wake mkorofi." Hapa tu, mwaka mara moja, mtu mwenye kazi yake alimtaka Corliss amtaje mumewe waziwazi. Alimwonea hamu mume huyu kwa mwili mzima, na alikuja kulitaja jina lake kama mtu mwenye baridi anavyokuja kwenye moto.

Siku ya pili asubuhi waliamka na ukungu. Hollis alisema bahari ya huku inafaa kutazamwa kwenye televisheni, lakini alibeba viti viwili hadi mchangani bila kuombwa. Viti vile Tyree alikuwa akivipanga vimegusana, blanketi moja juu ya magoti yote manne. Hollis aliviweka mbali kidogo kimoja na kingine, akakaa ukingoni mwa chake kama mtu aliyekwenda kuposa. Corliss aliliona hilo, likamgusa.

Mchana walitoka kwenda kununua samaki wa moshi kibandani kando ya daraja. Wakati wa kurudi Hollis alimsimulia habari za bata bukini wa mteja wake, bata aliyemchukia kiasi cha kumfukuza hadi juu ya tangi la lori, mwenye bata akimsihi asimpige kwa sababu ni bata wa marehemu mama yake. Hollis aliiga bata, akaiga mwenye bata, akajiiga mwenyewe akiomba radhi kwa ndege. Corliss alicheka hadi machozi yakamtoka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu lini, hata hakumbuki, na bado alikuwa akicheka pale aliposhusha kioo cha gari na kutoa kadi.

"Mdhamini wako nani, mama?"

"Hollis Grady."

Mlinzi alitazama kadi. "Hapa imeandikwa Pettway."

Cheko la Corliss lilikatika. Alifungua mdomo, jina likakataa kutoka. Ni Hollis aliyeinama kuelekea dirishani, akavua kofia.

"Ni Pettway, dada. Sajenti Tyree Pettway. Nimemchekesha hadi kachanganyikiwa, kosa ni langu."

Mlinzi alirudisha kadi, akawaambia wacheke wakishafika.

Hawakucheka. Samaki waliwekwa mezani wakakaa. Corliss alitoka akaenda kuketi mchangani akiwa na koti lake, na Hollis alimwacha kwanza, kisha akaja na chupa ya kahawa.

"Nimemtoa Tyree," alisema Corliss. "Mwenyewe, kwa mdomo wangu, mlangoni kwake."

"Ulimi umeteleza tu, bibie."

"Ungekuwa umeteleza nisingeumia. Lilitoka lenyewe, Hollis. Sikulifikiria hata kidogo."

Hapo akamwambia yote: kadi, swali, sauti inayopotea, na jinsi ambavyo akiolewa hatakuwa na mahali pa kuulizwa. Hollis alisikiliza akizungusha kifuniko cha chupa. Kisha alisema kama ni hivyo basi wasioane. Wakae kama walivyo, na kila Januari yeye atakuja kama mgeni wake, akae kwenye kiti chake, amsikie akimtaja mumewe getini, na hatanuna.

"Nimeshakwambia, mimi kazi yangu kubeba viti," alisema.

Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote ambavyo mwanamume huyu alikuwa amempa, na Corliss alitamani sana kukipokea. Angebaki na wote wawili. Lakini alikitazama kile kiti kilichowekwa mbali kidogo, na yule bwana mkubwa aliyekaa nusu nusu juu yake, akajua kuwa atamfanya mgeni mpaka azeeke. Alilia, na hakujificha. Alimlilia Tyree, tena upya kabisa, kana kwamba habari zimeletwa siku ile. Hollis alimwachia alie, asimpapase wala kumnyamazisha.

Siku ya kuondoka Corliss alirudisha ufunguo mwenyewe. Bi Euline aliuliza kama mwakani ni tarehe zilezile.

"Mwakani hapana, Bi Euline."

Bi Euline alitazama nje, kwenye gari lililokuwa likinguruma na Hollis ndani yake, akaelewa. Alisema Tyree alikuwa mtoto mzuri mwenye makelele, akageuka kutundika ufunguo, na hakugeuka tena upesi.

Getini, anayetoka haulizwi kitu. Kizuizi kilishainuliwa, mlinzi akawapungia mkono wapite. Corliss alimwambia Hollis asimamishe gari. Alishuka, akaenda hadi dirishani kwa mlinzi na kadi yake mkononi.

"Niulize," alisema.

"Nikuulize nini, mama? Wewe si unatoka?"

"Najua natoka. Juzi nilikujibu vibaya. Niulize tena, tafadhali."

Mlinzi alimtazama usoni, akakiona kitu, akajiweka sawa ndani ya koti lake.

"Mdhamini wako nani, mama?"

"Sajenti Tyree Lamont Pettway," alisema Corliss kwa sauti, upepo ukimpiga usoni, "na mke wake mkorofi."

"Asante, Bi Pettway. Safari njema."

Alirudi garini, akafunga mkanda, akafuta uso kwa kiganja.

"Jibu lako ni ndiyo," alimwambia Hollis. "Twende."

Hollis alitia gia. Alivuka kizuizi taratibu, akaingia barabara kuu, akaendesha mpaka bahari ikaishia nyuma ya misonobari. Halafu, macho yake yakiwa barabarani, akauliza, "Huyo Tyree, alikuwa mtu wa namna gani?"

Corliss akaanza kumweleza. Walipoingia Alabama alikuwa bado anaeleza.