Mwano wa Mvule

Mwano hupigwa kwa ajili ya ng'ombe. Hilo kila mtu wa vijiji vya huku nyuma ya Bujora analijua tangu ananyonya. Ukiamka ukakuta zizi limevunjwa, unatoka nje na kupaza lile yowe refu la kupasua kifua, na popote linapofika mtu anaacha alichoshika. Aliyekuwa analima anatupa jembe, aliyekuwa anakula anaacha ugali upoe. Asiyetoka hutozwa faini, na majirani humnunia mpaka akome. Na atakayepiga mwano wa uongo, huyo ndiyo kabisa: atatoa ng'ombe dume, na aibu juu.

Sasa Maulida, yaani Mama Bushra, hakuwa na ng'ombe hata wa dawa. Alikuwa na miti.

Baba yake, mzee Muharami, alikuwa seremala wa Mwanza mjini, mtu wa vitanda na milango. Alipoona amekula miti ya wenzake ya kutosha, akanunua ubavu wa kilima ambao wenyewe walikuwa wameukatia tamaa, mawe na mbigili tupu. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akapanda mivule, akaimwagilia kwa ndoo, akazeeka nayo, akafa. Maulida akafunga duka lake la vitambaa pale mjini, akajenga nyumba kando ya msitu ule na kuwa mlinzi wake. Na alijivunia, asikudanganye mtu. Akipita mgeni alimwonyesha mivule yake kama wengine wanavyoonyesha watoto waliofaulu.

Ndipo akaenda Buhongwa kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Akacheza, akala pilau, akalala huko. Aliporudi asubuhi, hata mkoba hajaushusha begani, aliona mwanga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Mvule mkubwa kuliko yote haukuwepo. Kilibaki kisiki kibichi na unga wa msumeno umezagaa chini kama mtu kamwaga mahindi yaliyosagwa.

Maulida aliketi juu ya mawe. Alilia, ndiyo, alilia kwa sauti, kisha hasira ikampanda ikamkausha machozi. Maana haikuwa mara ya kwanza. Walianza na matawi, wakaja na fito, wakakata miti michanga ya nguzo. Kila mara alikwenda kwa Shigela, kamanda wa sungusungu, mlinzi wa mali za kijiji kizima, na kila mara Shigela alimjibu vilevile, tena kwa tabasamu.

"Mama Bushra, mti huota tena. Wizi ni wa ng'ombe."

Maulida alijua wazi kitakachofuata. Huu wa leo ukipita kimyakimya, kesho kila mwenye shoka atajiona ana haki. Mvua nyingine zikija, kilima kitakuwa mawe na mbigili kama baba yake alivyokikuta, na jasho lote la yule mzee litakuwa limekwenda hivyo hivyo. Wezi wanahesabu kwamba atanung'unika kisha atanyamaza. Haya, ngoja wamwone.

Akapanda juu ya kisiki, akapiga mwano.

Hakuwahi kuupiga maisha yake yote. Sauti ya kwanza ilitoka na mikwaruzo. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikavuka bonde, na ng'ambo kule mtu akaidaka akaipaza, na mwingine mbele zaidi akaipokea, ikaenda hivyo kuelekea barabara ya Kisesa. Hapo ndipo Maulida alipokumbuka faini ya dume. Mwano ukishaondoka haurudishwi.

Watu walikuja mbio. Walikuja na fimbo, wengine peku, mwanamke mmoja mkono bado una unga. Shigela alifika na filimbi yake shingoni, anahema.

"Ng'ombe wangapi?" alipaza sauti. "Wameelekea wapi?"

"Si ng'ombe, Kamanda. Ni mvule."

Watu walikitazama kisiki. Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wengi, na kicheko kikageuka kelele.

"Yaani nimeacha maziwa kiweleni mwa ng'ombe nikimbilie kisiki?" alifoka Masalu, jirani wa bondeni.

Shigela aliinua mkono. "Mmesikia wenyewe. Huu ni mwano wa uongo. Mama huyu ni mgeni, tunamheshimu, lakini sheria ni sheria. Atatoa dume."

Dume! Maulida angelitoa wapi, kama si kwa kuuza miti ile ile? Hata hivyo hakushuka kwenye kisiki. Kushuka kungekuwa kukubali.

"Kamanda, mwano wa uongo ni ule ambao hakuna kilichoibwa," alisema. "Mimi nimeibiwa, na nimesimama juu ya ushahidi. Nyayo zile pale. Ninavyojua, mwano ukipigwa nyayo hufuatwa kwanza, maneno baadaye. Au walinifundisha vibaya?"

"Hukufundishwa vibaya." Aliyesema ni Bibi Kija, kikongwe mwenye fimbo ndefu kumzidi, ambaye ndiye huongoza nyimbo za kijiji. "Nimepanda kilima hiki na magoti haya. Sirudi kwangu bila kufuata kitu."

"Bibi, hizo si nyayo," Shigela alisema. "Ni mburuzo wa gogo."

"Afadhali. Hata mimi na macho yangu nitauona."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii hawakumcheka Maulida. Na Shigela angefanya nini? Kamanda ndiye hutangulia. Akatangulia.

Mburuzo ulikuwa mfereji kabisa, umechimba ardhi, kando yake kwato za maksai. Ulishuka, ukakata shamba la mihogo, ukavuka kijito. Sheria ya nyayo haina mjadala: zikiingia kwako, uonyeshe zilipotokea kwenda mbele, la sivyo ujibu wewe. Ziliingia kwa Masalu. Kelele zake zote zilimwisha. Alikimbia huku na huku kwenye ua wake mwenyewe mpaka akaona pale zilipotokea nyuma ya choo.

"Zimetoka! Zimetoka hizi hapa, jamani!" alipiga kelele, jasho linamtiririka. Tangu hapo hakuna aliyefuata mburuzo kwa bidii kumshinda Masalu.

Shigela, yeye, alianza kupunguza mwendo. "Tugawanyike," alisema. "Wezi wa mbao hukimbilia ziwani, kwa mafundi mitumbwi. Wengine waende mwaloni, mitumbwi inakofikia."

"Nyayo haziendi ziwani, Kamanda," alisema Maulida.

Hakuna aliyegawanyika. Mburuzo ulikunja kona kwenye ua wa minyaa, na watu waliotangulia wakasimama ghafla hata wa nyuma wakawagonga. Kila mmoja alilijua lango lile. Lilikuwa la Shigela mwenyewe.

Nyuma ya kihenge cha mtama palikuwa na rundo kubwa la mabua. Masalu aliyavuta. Mvule ulikuwa umelala chini yake, umekatwa vipande vitatu, mnyororo bado umeufunga.

"Tuonyeshe zilipotokea," alisema Bibi Kija.

Shigela hakuwa na cha kuonyesha. "Jamani, mimi nimesema siku zote kwamba mti si ng'ombe. Sikusema kwa siri. Nimesema mbele yenu wote."

"Ulisema," Bibi Kija alimjibu. "Lakini umeufunika."

Loo! Maulida alimtazama yule mtu aliyemrudisha nyumbani mara ngapi kwa tabasamu, akaona hana hamu hata ya kumtukana. Alitaka kitu kimoja tu, na akakisema.

"Ng'ombe walioibwa wakipatikana, mnawafanyaje?"

"Waliowafuata huwarudisha kwa mwenyewe," alisema Masalu. "Kwa nyimbo. Na mwizi huwaongoza mbele."

"Basi rudisheni mti wangu."

Masalu akaenda kuwafungua maksai wa Shigela, akawafunga nira, na kamba ya kuwaongozea akamkabidhi Shigela mkononi. Mambo ya faini wazee wangeyakalia baadaye. Mnyororo ukakaza, gogo la kwanza likasogea, na wanawake wakapiga vigelegele kama vile wameona kundi zima likitoka porini.

Bibi Kija alianzisha wimbo wa mifugo inayorudi. Aliimba mstari mmoja, akaukata, akamgeukia Maulida.

"Mayu, mama, hapa kwenye wimbo hutajwa jina la mwenye zizi, watu wajue mali ya nani inapita. Tukutaje wewe?"

Maulida angeweza kukubali. Ndiye aliyepiga mwano, ndiye aliyesimama pale juu akisubiri kutozwa dume, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mtajeni Muharami," alisema. "Muharami, seremala. Aliupanda kwa mkono wake, mkamcheka."

"Tulimcheka," Bibi Kija alikubali. "Mimi mwenyewe nilimcheka."

Akalijaribu jina lile mdomoni, akalitia kwenye wimbo, likakaa. Wakaliitikia wote. Maulida alitembea mbele yao, mabega juu, machozi yakimshuka wala hayafuti, na jina la baba yake likipanda kilima kwa vinywa vya kijiji kizima. Shigela naye aliitikia, maana anayeshika kamba haruhusiwi kunyamaza.