Sebule Iliyorefuka

Binti aliweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, akachomeka waya, akaandika: upweke wa wajane. Nyuma yake, mwisho wa sebule, mama yake alikuwa anakunja nguo. Sebule ilianza kurefuka wiki ya mazishi ya baba, kidogo kidogo, na sasa kutoka mezani hadi kwenye kochi la mama ilibidi mtu avae viatu. Zulia liliishia njiani.

Majibu yalikuja chungu nzima: magodoro ya mtu mmoja, mashairi ya kutumiana kwenye simu, na makala ya bwana mmoja aliyetaja upweke kila mstari bila dalili ya kuwahi kukaa peke yake hata mchana mmoja. Msimamizi wa utafiti wake chuoni alishasema: asipopata hata utafiti mmoja uliotangulia kufikia Ijumaa, abadili mada. Binti hakutaka. Mada aliichagua kwa sababu anampenda yule aliyekaa kule mwisho, ingawa hakuwahi kumwambia.

"Mama," aliita kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara, "unajisikia upweke?"

"Mimi? Wapi! Ni hii sebule tu inanichosha miguu."

Jirani, mjane naye, alichungulia dirishani. "Yako imefika wapi, mwenzangu?"

"Imelipita kabati tangu juzi."

"Yangu siku hizi naivuka na chupa ya maji."

Wakacheka, wakasengenya kidogo, jirani akaenda zake.

Binti akafuta, akaandika: sebule kurefuka baada ya mume kufariki. Wakaja mafundi ujenzi, wauza vigae na wakili wa mirathi. Huenda wajane walishaandika kurasa na kurasa kuhusu miguu, kochi na chai inayopoa njiani. Mashine haikujua kwamba ndio hao anaowatafuta. Roho ilimuuma.

Ijumaa alimpelekea msimamizi maneno ya mama na jirani. Msimamizi aliyasoma taratibu, akavua miwani.

"Kwangu ni korido," alisema. "Tangu mke wangu afariki. Nimetafuta sana, mtandaoni hakuna kitu. Badili mada, mwanangu."

Jioni binti alikuwa tena mezani, akitafuta mada mpya.

"Umepata?" Sauti ya mama ilichukua muda kufika.

"Bado, mama."

"Basi njoo ule kwanza."

Binti akafunga kompyuta, akavaa viatu, akaanza safari.