Kiambatisho cha Mwanetu

Jina lake halisi silijui. Mtaa mzima tulimwita Masharti, kwa sababu kuta za duka lake la kompyuta zilijaa karatasi za makatazo: usile humu, usipige kelele, usiguse waya, funga kila kitu kabla ya kuondoka. Hata kupiga chafya ulitazama kwanza ukutani kama inaruhusiwa.

Siku hiyo mimi na dada yangu hatukuwa na hamu ya utani. Mwanawe, ambaye ni mwanangu pia, alifia kazini ughaibuni, kwenye ghala alikokuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Tulikuwa tumeshamzika. Kisha mwajiri wake akatuma barua pepe kwamba kwenye simu ya kazi ya marehemu wamekuta sauti aliyojirekodi kwa ajili ya wazazi wake, akafa kabla hajaituma. Wameiweka kama kiambatisho. Kinapakuliwa mara moja tu, kisha kinajifunga, eti kulinda siri za kampuni. Siri gani ya kampuni mtu atamwambia mama yake? Simu zetu zilikataa kukifungua, ndiyo maana tukaenda kwa Masharti. Shemeji yangu, mume wa dada, alibaki nyumbani kwa sababu ya mguu wake mbovu, akisubiri kwa hamu.

Masharti alibonyeza, tukasubiri, mstari wa kijani ukajaa.

"Kimeshaingia, mama," alimwambia dada. "Tusikilize kidogo tuone kama ni kizima?"

"Hapana. Baba yake anasubiri. Tutasikiliza wote."

Ikahitajika flashi ya kukibebea. Za Masharti zilikuwa zimekwisha, akanisindikiza duka la jirani nisije nikauziwa mbovu. Dada akabaki ameketi mbele ya kompyuta, mkoba mapajani.

Dada yangu amefanya usafi hospitalini miaka yake yote. Hawezi kupita mlango ulio wazi asiufunge. Tulipokuwa nje aliingia mwalimu mmoja mwenye haraka zake, akamuuliza kama amemaliza. Dada akatazama ukutani, akaona aibu kukalia kiti cha watu. Si ameshaambiwa kimeingia? Akafunga. Kompyuta ikamuuliza jambo kwa maandishi madogo, na miwani ilikuwa ndani ya mkoba. Akabonyeza ndiyo, akasimama kumpisha mwalimu.

Tuliporudi, Masharti alitazama kioo, kisha akamtazama dada.

"Nani amefunga kivinjari?"

"Mimi, baba. Nimefunga kila kitu, kama ulivyoandika."

Masharti alishika kichwa. "Zamani wateja walikuwa wanaacha vitu vyao humu," alisema, kama mtu anayejitetea polisi. "Vyeti, picha. Picha za binti mmoja zilisambaa mtaa mzima mpaka akahama. Ndipo nikaipanga hivi: kivinjari kikifungwa, kila kilichopakuliwa kinafutika. Hakipiti hata kwenye pipa la taka la kompyuta."

Nilimporomoshea maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Mwalimu alichukua mfuko wake akaondoka. Masharti alijaribu kila alichojua, jasho likimchuruzika, akampigia fundi mwenzake, akajaribu tena. Hakuna kitu. Tukairudia barua pepe. Ikasema kiambatisho kimeshachukuliwa.

Nikampigia mwajiri. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole alinipa pole, kisha akasema ile simu imeshasafishwa na kupewa mfanyakazi mwingine, na wao hawakubaki na nakala. Upole wake ule ulinichefua. Nilikata simu, nikakaa chini nikalia kwa sauti, makatazo ya ukutani yakinitazama.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumchukia sawasawa. Masharti alikuwa akiwakinga watu. Dada alikuwa akitii. Nilimtafuta mwovu siku ile kwa moyo wangu wote, sikumpata.

Dada hakulia. Njiani aliniambia, "Usiseme kitu, mdogo wangu. Niachie mimi."

Tulimkuta shemeji sebuleni, amezima redio na kufunga madirisha ili kelele za nje zisiingie.

"Iko wapi?"

"Tumeisikiliza kulekule," dada akasema. "Imeshindikana kubebeka."

"Bila mimi?"

"Ilibidi, mume wangu."

Nilidhani atafoka, na angekuwa na haki. "Haya, amesema nini?"

Dada aliketi karibu naye. "Amekusalimia sana. Amesema anakula vizuri, kazi ameshaizoea, tusiwe na wasiwasi." Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumsikia mtoto. "Halafu akasema wewe usiache kumeza vidonge vyako vya presha, hata ukijiona umepona."

Presha ile ilimpata shemeji siku tuliyoletewa habari ya kifo. Mwanetu hakuwahi kujua kwamba baba yake anameza kidonge chochote.

Nikaona dada naye amekumbuka.

Shemeji aliutafuta mkono wake, akaushika.

"Sawa," akasema. "Mwambie nitameza."