Njia ya Moshi

Nyumba tuliyohamia ilikuwa na jiko la kuni la chuma, pana kama kabati, limeshika kutu mpaka rangi yake haijulikani. Waliotutangulia walikuwa wameligeuza meza ya kuwekea makopo ya rangi. Mume wangu alilitazama mara moja tu.

"Hili tuwaite watu wa chuma chakavu walibebe," akasema.

Dada yake mkubwa, wifi yangu, alikuwa amekuja kutusaidia kupanga vyombo. Kazi yake ni kutengeneza vyerehani, na wateja humwita Bi Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumharakisha akafanikiwa. Aliinama, akafungua mlango wa jiko, akaingiza mkono mpaka begani. Ulitoka mweusi tii.

"Usiite mtu kwanza," akamwambia mdogo wake. "Niache nilielewe."

"Uelewe nini, dada? Si sanduku la moto tu?"

"Hata wewe ni sanduku la ubishi, na tulikulea."

Akatandika shuka kuukuu sakafuni na kuanza kulifungua jiko kipande kwa kipande. Kila kilichotoka alikiwekea alama ya chaki na kukipanga mahali pake, kama anavyofanya na vyerehani. Nati zilizogoma alizimwagia mafuta ya taa, akaenda zake kunywa chai. Mume wangu alipokuja na nyundo, dada yake alimnyang'anya.

"Chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa kikamiminwa, hakipigwi hivyo. Kinapasuka kama sahani."

Mimi nilipewa brashi ya waya na msasa. Nilisugua shingo upande, maana nilikuwa na masanduku hayajafunguliwa, mpaka kutu ilipoanza kuachia na chini yake yakajitokeza majani ya nakshi. Mzabibu mzima ulizunguka jiko lile, na kila jani lilikuwa na mishipa yake. Nilizunguka hadi upande unaotazama ukuta, nikijua hapo patakuwa patupu. Majani yalikuwapo, na mishipa yake vilevile. Nikamwita wifi aje aone. Alipitisha kidole juu yake, na baada ya hapo sikuhitaji kuombwa kusugua.

Tulilirudisha, tukaziba maungio kwa saruji ya majiko, tukaiacha ikauke, kisha tukawasha. Moshi ulijaa nyumba nzima. Ulitoka mlangoni, ukatoka kwenye vifuniko, ukatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Jirani alikuja mbio na ndoo ya maji. Mume wangu alifungua madirisha yote, moja baada ya jingine.

Mimi nilikuwa nimeshakufa moyo. Wifi alivuta kigoda.

"Aliyelitengeneza hakuwa mjinga," akasema. "Mtu haweki majani mahali pasipoonekana halafu akasahau njia ya moshi. Sisi ndio hatujaiona."

Jiko lilipopoa aliwasha mshumaa, akausogeza polepole kwenye kila upenyo. Palipo na njia, mwali ulilala kuelekea ndani. Penye kizuizi, ulisimama wima. Aliufuatisha hivyo, akinong'ona peke yake, na mwisho akaniita.

"Wifi, tazama. Oveni, hiki chumba cha kuokea, haijagusana na ukuta wa jiko. Moshi unapita juu yake, unashuka ubavuni, unapita chini, ndipo unapanda kwenye bomba. Unaizunguka yote. Na hapa chini pamezibwa."

Chini ya mlango wa oveni kulikuwa na kifuniko kidogo ambacho rangi kuukuu ilikuwa imeziba kingo zake. Sisi wenyewe tulikisugua tukidhani ni pambo. Alikikwangua kwa kijiko kikafunguka, na masizi yakamwagika yakiwa yameshikana kama udongo. Tulijaza ndoo, tukarudia.

Kwa nyuma palikuwa na mkono wa chuma ambao hatukuujua kazi yake. Sasa aliuelewa. Ukiuvuta, moshi unakwenda moja kwa moja juu, kwa sababu moto mchanga hauna nguvu ya kuzunguka. Bomba likishapata joto unausukuma, moshi unachukua njia ndefu na oveni inapashwa moto pande zote.

Tukawasha tena, mkono ukiwa umevutwa. Moto ulishika, ukaanza kunguruma chinichini. Baada ya muda wifi akausukuma mkono. Ulichomoka uzi mwembamba wa moshi, ukasita, kisha ukavutwa ndani kama mtu aliyeitwa. Mume wangu aliweka kiganja ubavuni mwa jiko, mbali kabisa na kuni.

"Hata huku kuna joto," akasema. Kisha akauvuta mkono ule, akausukuma, akauvuta tena.

"Acha kulichezea," dada yake akamwambia, lakini alikuwa anacheka.

Siku iliyofuata nilioka mkate. Ulitoka umepanda vizuri, ila ubavu wa kushoto umeungua. Nilitaka kuuficha. Wifi aliukata akiwa amesimama, akachukua kipande kilichoungua, akakitafuna taratibu huku akilitazama jiko.

"Kushoto ndiko moto unakoanzia," akasema. "Ukifika nusu ya kuiva, ugeuze."

Nikatia unga mwingine kwenye bakuli.