Mahali pa Kukiweka Kikohozi

Treni ya kutoka Zunyi iliingia Chongqing saa moja na nusu asubuhi. Ran Taixiu alishuka miongoni mwa wa mwisho, maana alimpisha kila mwenye haraka. Mgongoni alikuwa na kifurushi cha karatasi zake. Mkononi alishika mfuko wa shangazi kaja, wa miraba ya buluu na nyekundu. Ndani ya mfuko mlikuwa na koti la pamba la mumewe, na ndani ya koti mlikuwa na kikohozi chake.

Mumewe, Tian Maocai, alikuwa amefariki siku arobaini na tatu kabla. Walimzika juu ya shamba la mahindi, watu wakala, wakaondoka. Kesho yake alfajiri kikohozi kikaanza jikoni, pale pale penye kigoda alichozoea kukalia, saa ile ile. Mama mkwe wa Taixiu alikisikiliza kidogo, akasema, "Hakikwenda naye," akachochea moto. Tangu hapo kiliishi nao. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu aliyepekecha mwamba miaka kumi na mmoja chini ya mashimo ya misingi ya maghorofa, bila kinga usoni isipokuwa kitambaa alichokilowesha mwenyewe.

Wiki iliyopita ilifika barua ya kampuni ya ujenzi aliyoifanyia kazi. Malalamiko ya familia yatasikilizwa saa nane mchana, ghorofa ya thelathini na moja. Taixiu hakutaka kikubwa. Alitaka karatasi moja tu, inayosema kwamba Maocai aliwahi kufanya kazi pale. Bila karatasi hiyo hospitali za magonjwa ya kazini zilikataa kumpima alipokuwa hai, na alipokufa hapakuwa na ofisi iliyokubali kwamba amekufa kwa sababu yoyote. Ndiyo maana alikibeba kikohozi, kiwe ushahidi. Treni ilikuwa imeshafika nusu ya njia alipoisoma barua mara ya tatu, akaona mstari wa chini kabisa, wa herufi ndogo: wageni hawaruhusiwi kuingia jengoni na mizigo.

Basi kazi yake ya kwanza mjini ikawa kutafuta pa kukiweka.

Alianza na makabati ya kujihudumia, yaliyopangwa ukutani karibu na mlango wa stesheni. Alilipia, akausukuma mfuko ndani, akafunga mlango. Kikohozi kikakohoa. Mlango ukafunguka wenyewe, na maandishi yakatokea kwenye kioo: "Tafadhali usijifungie ndani. Aliye ndani atoke."

"Hawezi," Taixiu alikiambia kioo, akafunga tena. Ukafunguka tena. Mara ya tatu bwana mmoja aliyekuwa nyuma yake na sanduku la magurudumu akasema, "Mama, kama mzee mwenyewe hataki, tupishe sisi wenye nguo tu."

Akampisha.

Stoo ya mizigo ya stesheni ilikuwa ndani zaidi, na kila mzigo ulipitishwa kwanza kwenye mashine ya ukaguzi. Aliyekaa mbele ya mashine alikuwa bwana wa makamo aitwaye Wei, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Mfuko uliingia. Kwenye kioo zikaonekana zipu, kisha vifungo vya koti, na chini ya vifungo mapafu mawili, meupe kutoka juu hadi chini kama dirisha lililoganda barafu. Wei akausimamisha mkanda na kuvaa miwani.

"Mapafu haya ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Yeye nimeshamzika. Nimebeba kikohozi tu."

"Alikuwa anapekecha mwamba?"

"Miaka kumi na mmoja."

Wei akaguna. "Ugonjwa wa vumbi la mwamba, hatua ya tatu hii. La kulia limejaa zaidi. Tazama hapa chini, hapapiti hata pumzi ya paka."

Taixiu alisogea akatazama. Miaka miwili yeye na Maocai walizunguka hospitali nne kuitafuta picha kama ile, na kila hospitali iliwadai barua ya mwajiri.

"Nichapishie, kaka."

"Haichapishi. Imewekwa kutafuta visu."

"Basi niandikie. Andika hivyo hivyo ulivyosema."

"Mama, nikiandika mimi, itakuwa imeandikwa na mkagua mizigo. Wewe watakucheka, mimi watanifukuza. Nimebakiza miezi minane nistaafu." Aliinua macho akaitazama kamera ya darini, kisha akachukua chupa yake ya chai na kukizungusha kiti hadi akaelekea ukutani. "Nakunywa chai," akasema. "Nikinywa chai huwa sioni nyuma."

Taixiu akatoa simu, akapiga picha mbili. Wei alipogeuka tena, alimrudishia mfuko.

"Kwenye orodha ya vilivyokatazwa hakimo. Ila kinapumua, na kila kinachopumua lazima nikitolee maelezo. Shuka ngazi za mtoni, muulize Gou Daqiong. Yule anapokea chochote."

Ngazi zilikuwa nyingi na zenye unyevu. Katikati, wapagazi walikuwa wamekaa na mizegazega yao ya mianzi magotini, wakisubiri kazi. Stoo ya Gou Daqiong ilikuwa kwenye tumbo la ngazi zenyewe, chumba kirefu chenye dari ya kuinama. Gou alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu. Bega lake moja lilikuwa chini kuliko lingine, kwa sababu naye aliwahi kuwa mpagazi. Alikuwa akila tambi zenye pilipili, na hakuinua kichwa kutoka kwenye bakuli.

"Kikavu au cha makohozi?"

"Kikavu," alisema Taixiu.

"Afadhali. Vya makohozi vinaniotesha ukungu. Weka hapo. Miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

"Mtoto mdogo kabisa," alisema Gou, akafuta mdomo.

Alivuta pazia. Kwenye rafu za nyuma, baada ya maboksi ya viatu ya wafanyabiashara na masanduku ya wanafunzi, mlikuwa na mifuko kumi na tisa. Baadhi ilikuwa ya miraba kama wake, mingine ni magunia ya mbolea yaliyoshonwa vishikio. Yote ilikuwa ikikohoa, kila mmoja kwa zamu yake. Gou alipoupandisha mfuko mpya, ikanyamaza. Maocai akakohoa. Kutoka rafu ya juu, mmoja akamjibu.

"Wanajuana?" aliuliza Taixiu.

"Wamekula vumbi moja, watakosaje kujuana?" Gou alimpa kibao chenye namba. "Sharti langu ni moja, shemeji. Urudi."

"Nitarudi."

"Wote husema hivyo. Wanakwenda huko juu, wanatoka mikono mitupu, wanaona haya kuja kumwambia mtu. Wanapanda treni. Mimi nabaki na waume za watu!" Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Huyo wa gunia la kijani, mkewe aliniambia anakwenda kununua maandazi."

Jengo la kampuni lilikuwa la vioo, na Maocai, aliyepekecha misingi yake, alikuwa akilitaja mara nyingi: shimo namba tisa, mita thelathini kwenda chini, kiangazi kizima. Mlinzi alikipekua kifurushi cha Taixiu, akaona ni karatasi tu, akampitisha. Ghorofani walimngoja watu watatu na vikombe vyao vya chai. Aliyezungumza alikuwa wakili, Bwana Shen, kijana mwenye adabu aliyemvutia kiti.

"Jina la Tian Maocai halimo kwenye orodha zetu, shangazi," alisema. "Nimetafuta mwenyewe."

"Kule chini walimwita kwa namba."

"Namba gani?"

"Hakuniambia. Akija nyumbani alikuwa Maocai."

Akaitoa simu. Shen aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa makini kweli, wala hakuwa anaigiza.

"Hii ni picha ya mfuko."

"Ndani ya mfuko kuna mapafu."

"Nayaona. Lakini hayana jina, na hayana muhuri wa hospitali. Kwa sasa ni mapafu ya mfuko."

"Mfuko nimeuacha stoo. Niruhusuni niulete mumsikie wenyewe."

"Wageni hawaingii na mizigo, shangazi."

Saa nane na robo wale watatu waliviinua vikombe vyao mezani kwa pamoja, na jengo likakohoa. Kikohozi kilianza chini sana, kikapanda ghorofa baada ya ghorofa, madirisha yakatetemeka, kalamu ikabingirika hadi sakafuni. Ndani ya kikohozi hicho mlikuwa na sauti za wanaume wengi. Taixiu alisikiliza, na katikati yao akamtambua wake, kama mtu anavyomtambua wake katika kwaya.

"Huyo ndiye," alisema.

"Huo ni upepo wa mtoni." Shen alikirudisha kikombe mezani. Chai haikuwa imemwagika hata tone. "Mara tatu kwa siku. Tumeshazoea."

Kisha akamsogezea bahasha ya rambirambi na karatasi ya kutia saini. Karatasi ilisema kwamba marehemu hakuwahi kuajiriwa na kampuni, na kwamba hakuacha kikohozi chochote.

"Nisipotia?"

"Nitakueleza kama ningemweleza mama yangu. Kama bado anakohoa, basi kisheria hajafa, na malalamiko yake ayalete mwenyewe. Kama amekufa, hawezi kukohoa. Familia ichague."

Taixiu aliinama akaiokota kalamu. Alimfikiria binti yake, aliyekuwa na mtihani mwaka ule na aliyesoma na pamba masikioni. Alizifikiria zile siku arobaini na tatu ambazo hakuna mtu nyumbani aliyelala akashiba usingizi. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine gani?"

"Walio huko chini."

Shen alitazama saa yake. Taixiu akailaza kalamu juu ya karatasi, akairudisha bahasha upande wa pili wa meza. Hakupandisha sauti. Hasira alikuwa nayo, ila hakuona pa kuiweka mle ndani. Waliagana vizuri. Akaambiwa kwamba anaweza kuomba kusikilizwa tena baada ya mwaka mmoja, na karatasi zile zile.

Alipofika kwenye stoo ya Gou Daqiong ilikuwa imekaribia saa kumi na moja. Gou alisimama kumpokea, jambo ambalo asubuhi hakulifanya.

"Umerudi."

"Nilisema nitarudi." Taixiu alijiketisha kwenye ngazi ya mlangoni. "Dada, nisikudanganye. Pale juu njia inapogawanyika nimesimama muda mrefu. Upande wa stesheni ulikuwa karibu zaidi."

"Najua. Nilikuwa nakuona." Gou aliushusha mfuko, akaupangusa vumbi kwa kiganja. "Wamekupa nini?"

"Mwaka mmoja nisubiri."

"Wamekupenda. Kuna waliopewa mitatu."

Wakawasikiliza wale wa rafuni. Kisha Gou akauliza, "Treni yako inasimama Tongzi?"

"Inasimama."

"Nina mmoja wa Tongzi. Zhao. Mke aliolewa kwingine, simlaumu, alikuwa bado binti. Ila baba wa Zhao yuko hai, anwani imeandikwa kwenye mfuko. Mwaka wa nne sasa huyu wa mfukoni anamuuliza njia kila anayemsikia anaondoka."

Taixiu aliuinua mfuko wa Zhao ajaribu uzito. Haukuzidi uzito wa koti.

"Nipe," alisema.

Alishuka Tongzi jua likizama nyuma ya vilima, mfuko mmoja kila mkono. Nyumba ilikuwa karibu na karakana ya mbao. Mzee Zhao Changfu alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Taixiu alimwamkia, akautua mfuko mbele yake, na hakuanza kueleza, maana kikohozi kilimtangulia. Mzee aliweka gunzi chini. Aliinama, akatega sikio kwenye zipu, akasikiliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Ndiye," alisema. "Tangu utotoni huanza hivyo, kama anayebisha hodi."

Alifungua mfuko, akalitoa koti la mwanawe, akalivalisha mgongo wa kiti mezani na kuyanyoosha mabega. Alipomaliza akamtazama mgeni.

"Na huyo wa pili?"

"Wangu."

"Mtoe naye. Atakaaje ndani ya mfuko wakati wa chakula?"

Taixiu akalitoa koti la Maocai, akalivalisha kiti cha upande wa pili. Mzee aliweka mabakuli manne, akapakua viazi, wali na achari ya kabichi, akamsukumia mgeni vijiti. Walikula. Vile vikohozi viwili vilipokezana juu ya meza, kimoja kikikoma kingine kinaanza, na mzee kila alipotaka kusema neno alisubiri kwanza viishe, kama mtu anavyowasubiri wageni wamalize.

"Barua walitoa?" aliuliza hatimaye.

"Hawakutoa."

"Kama ya mwanangu?"

"Kama ya mwanao."

Mzee alitikisa kichwa, akamwongezea wali. Kikohozi cha mwanawe kikapita, kirefu, kikafuatiwa na cha Maocai.

"Mimi Chongqing sijafika," alisema vilipotulia. "Alikuwa akiniahidi atanipeleka nikaone. Yale maghorofa yao, wewe umeyaona kwa macho yako. Yakoje?"

Taixiu alitafuna akameza kabla ya kujibu, ili asiseme uongo.

"Yamesimama vizuri, mzee," alisema. "Yamesimama imara kabisa."